Mstari wa Nne

Kila Aprili, shule zikifunguliwa, Mwalimu Sawae Nakatsuji alipima macho ya watoto wote wa shule moja ya msingi mjini Amagasaki, na kila Aprili alikuta wezi. Hawakuiba kalamu wala chakula cha wenzao. Waliiba chati. Chati ile haina herufi, ina miduara tu, mikubwa juu na midogo chini, na kila mduara una pengo upande mmoja. Mtoto anasimama mita tano kutoka ukutani, anafunika jicho moja kwa kijiko cheusi, mwalimu anagusa mduara kwa fimbo, naye anataja pengo liko wapi: juu, chini, kulia au kushoto. Sasa mtoto asiyetaka kuvishwa miwani hujipanga mwisho wa foleni, hutega masikio, na zamu yake ikifika anaimwaga chati nzima kama kasuku.

Kuwakamata hakukumpa taabu. Anayeona kwa macho yake huanza kukosea chini, kwenye vile vidogo. Aliyekariri hukosea popote, maana kumbukumbu haijui kikubwa wala kidogo.

"Kisaku, huu mkubwa kama bakuli umekushinda, halafu huu mdogo kama punje ya ufuta umeupata?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hongera. Macho kama yako hayapo Japani nzima. Kesho njoo na mama."

Miaka kumi na minane alikuwa mwalimu wa chumba cha afya cha shule ile, akipaka dawa magoti yaliyochubuka na kulaza wenye homa, na hakuna mzazi aliyewahi kumlalamikia. Ila alikuwa mwoga, nisimfichie. Alifunga gesi, akatoka, akarudi kuangalia kama kaifunga, akatoka tena. Treni ikichelewa dakika mbili, alikwenda kumuuliza mkuu wa stesheni. Walimu wenzake walimcheka, naye akacheka nao, lakini woga ule ulikuwa na mahali ulipotoka.

Ulitoka kwenye mkono wa baba yake. Mzee Nakatsuji alikuwa myeyusha chuma kwenye kiwanda cha pwani, na Sawae alipokuwa na miaka saba chuma cha moto kilimrukia mzee usoni, kikachukua macho yote mawili. Tangu siku ile, wakati wa kula, mkono wa baba ulitembea mezani ukitafuta bakuli. Ulifika karibu, ukapita, ukarudi, ukaingia kwenye mchuzi. Mama alitazama pembeni. Sawae hakuweza. Aliukodolea macho ule mkono mpaka wali ukamshinda kumeza, na maisha yake yote hakuna kitu kilichomtisha kama mkono unaotafuta kitu kilicho mbele yake.

Yeye ndiye aliyemshika baba kumpeleka bafu la mtaa, na yeye ndiye aliyempeleka kwenye uwanja wa stesheni, ambako serikali ya mtaa ilikuwa imefunga televisheni juu ya mlingoti. Jioni ambayo Mjapani alikuwa ulingoni kwa ubingwa wa dunia, watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Baba alimshika Sawae bega.

"Nani kapiga?"

"Wetu, baba. Kwa kushoto."

"Sasa je?"

"Wetu tena. Kulia."

Ukweli ni kwamba wetu alikuwa anachakazwa kama gunia. Mtoto alibadilisha tu: kila ngumi aliyopigwa wetu, yeye alimpa wetu kuipiga. Mwisho bondia wa watu alibebwa na wasaidizi wake, na uwanja mzima ukawa kama msibani.

"Mbona kimya?" baba akauliza.

"Wamechoka kushangilia."

Mzee akacheka kidogo puani. "Haya. Nisimulie tena alivyoshinda."

Akamsimulia njia nzima mpaka mlangoni. Kama mzee aliamini au alikuwa anamstahi mtoto, Sawae hakupata kujua, na baba alikufa bila kusema.

Kabla ya kufa alipata mtoto mwingine, Tetsuro, aliyezaliwa miaka kumi na miwili baada ya dada yake, hivyo, katika ile duru ya miaka kumi na miwili yenye majina ya wanyama, wote wawili wakawa wa mwaka wa mbwa. Baba hakuwahi kumwona. Alimjua kwa vidole: alimpapasa paji, pua, masikio, akasema huyu ana kichwa kigumu, atafaa. Mama naye hakukaa sana. Sawae ndiye aliyembeba Tetsu mgongoni, akamwogesha, na bafuni alimfundisha kusoma kwa kumchorea herufi mgongoni kwa kidole chenye sabuni. Tetsu alikisia, akikosea anamwagiwa maji ya baridi.

Alipofika miaka kumi na mitano, mtoto huyo akaenda kujiandikisha kwenye klabu ya ngumi ya Bwana Mibuchi, ghorofani juu ya duka la mshona mikeka. Alipofika ishirini na sita alikuwa bingwa wa dunia wa uzani wa kilo hamsini na ushei. Wenye maduka walimpitisha mtaani kwenye gari la wazi, muuza samaki akalia hadharani, na picha yake ikabandikwa hadi kwa kinyozi wa wanawake. Akautetea mkanda mara mbili. Dada mtu hakuona pambano hata moja. Siku ya pambano alikuwa akitandua mashuka yote ya chumba cha afya na kuyafua kwa mkono, ingawa shule ilikuwa na mashine, mpaka simu ilie na sauti ya Tetsu iseme, "Mzima, dada."

Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka Aprili ya mwaka 1986.

Ilikuwa Jumatano, watoto wameshakwenda nyumbani. Sawae alikuwa anafuta vijiko vyeusi kwa spiriti, Tetsu akaingia amevaa ndala za wageni zilizomkalia nusu mguu.

"Nimekuja kupimwa, Mwalimu."

"Kaa chini, mtoto mwoga we. Sindano ninayo."

"Macho tu. Sindano waachie akina Kisaku."

Akachukua kijiko, akafunika jicho la kushoto, akasoma miduara mpaka ya chini kabisa kama anasoma bango la barabarani. Kisha akafunika la kulia. Mstari wa kwanza akaupata. Wa pili, wa tatu, akaupata kwa kukunja uso. Fimbo ikagusa wa nne.

"Sema basi."

"Sioni, dada."

"Acha utani."

"Naona ukungu. Na huku upande wa sikio kuna pazia jeusi. Juzi lilikuwa hapa." Akaweka kidole kando ya jicho. "Leo liko hapa."

Fimbo ilimdondoka. Si kwamba hakujua ni nini. Alijua kuliko alivyotaka. Ule utando wa ndani wa jicho, unaopokea picha, ulikuwa unabanduka. Tetsu naye alikuwa anajua. Alikuwa ameshakwenda kwa daktari mmoja wa Himeji kwa jina la uongo, akaambiwa apasuliwe upesi, na kwamba ngumi moja nzito hapo inatosha kulizima jicho moja kwa moja. Na kanuni ya ngumi nchini wakati ule haikuwa na mjadala: bondia aliyebanduka utando wa jicho, apone asipone, hapandi ulingoni tena. Mkanda unarudishwa.

"Basi unarudishwa," Sawae alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Naomba ruhusa kwa mkuu wa shule sasa hivi."

"Pambano ni mwezi ujao."

"Lisiwepo."

"Dada, tiketi zimeisha. Mwenyekiti Mibuchi miaka ishirini hajawahi kuwa na bingwa, ana mimi tu. Muuza samaki kashona bendera. Nipigane hili moja, halafu nakwenda mwenyewe kupasuliwa. Moja tu."

"Huogopi?"

Tetsu alizungusha kijiko cheusi mkononi. "Bingwa haogopi," alisema, akiangalia sakafu.

Akaeleza alichokuja kutaka. Baada ya siku tisa alikuwa anapimwa na daktari wa mchezo. Daktari yule hupima kwa chati. Bondia akisoma mpaka mstari wa saba, anapita. Akishindwa, anatiwa dawa ya kupanua mboni, anamulikwa ndani ya jicho, na hapo hakuna kitakachofichika. Chati ya daktari ilikuwa ileile ya shule, hadi jina la mchapaji pale chini. Sawae aliijua kichwani, na alijua pia wapimaji huanza wapi na kuruka wapi.

"Nifundishe."

"Unanitaka mimi nikupofue."

Tetsu akapiga magoti kwenye sakafu ya mbao, akaweka viganja chini, akashusha kichwa mpaka paji likagusa. Bingwa wa dunia, miguuni pa mtu wa kupaka dawa magoti. Kuna watu husema heshima kama ile haikataliwi. Mimi nasema Sawae hakukubali kwa heshima, alikubali kwa woga: alihofia kwamba akikataa, mdogo wake atamtafuta mwingine wa kumfundisha, na yeye atabaki nje asijue lolote.

"Inuka," alisema. "Ila karatasi hapana. Karatasi ikikutwa mfukoni mwako, mimi nafukuzwa. Na hapa shuleni usije tena, watoto wakikuona ni vurugu. Njoo nyumbani jioni, ukitoka mazoezini."

Wakaanza. Tetsu alikaa sakafuni amempa mgongo, kama bafuni zamani. Kidole kwenye bega la kulia, pengo liko kulia. Bega la kushoto, kushoto. Shingoni, juu. Kiunoni, chini. Sawae alianza na mistari ya chini, iliyo migumu zaidi, akapanda: wa saba siku mbili, wa sita siku mbili, wa tano siku mbili. Wa nne akauweka mwisho. Mitatu ya juu Tetsu aliiona mwenyewe.

Kijana alikuwa anapunguza uzito, amekauka, ananyonya vipande vya barafu, na mbavu zilihesabika chini ya fulana. Lakini akili yake ilikuwa kali. Alishika haraka kuliko mtoto yeyote wa foleni, na kila alivyoshika, dada yake alizidi kuingiwa na baridi. Usingizi ulimkimbia. Kazini alimpima mtoto mmoja mara tatu kwa kusahau kwamba ameshampima. Alikuwa kama mtu anayemchimbia nduguye shimo na kumwomba amshikie taa.

Siku ya sita Bwana Mibuchi alikuja shuleni, kofia mkononi, na bahasha ya tiketi. Alikuwa mzee mnene mwenye pua iliyovunjwa mara nne, na Sawae alijua kwamba hakuambiwa kitu.

"Mwalimu, safari hii utakaa mstari wa mbele. Nimechoka kusikia unafua mashuka."

"Mashuka yanachafuka, Mwenyekiti."

"Tunashinda, usiwe na wasiwasi. Yule Mthai ana silaha moja tu. Kulia kwake. Lakini mama yangu, kulia kwenyewe!" Akajipiga ngumi taratibu kwenye shavu la kushoto, chini ya jicho. "Inatua hapa. Hapahapa. Wanne wa mwisho wote kawalaza kwa ngumi hiyo. Nimemwambia Tetsu, iangalie kulia ile, ikija uione mapema."

Sawae akaiweka bahasha ya tiketi mezani. Akafungua mdomo amwambie. Ukweli ulimfika kwenye meno. Kisha akawaza: na huyu akijua, atafanya nini? Mtu aliyengoja bingwa miaka ishirini? Huenda atalia na kusimamisha kila kitu. Huenda pia atafunga mlango, ashushe sauti, na kuuliza kama mafunzo yanakwenda vizuri. Hakuthubutu kumjaribu.

"Nitakuja," alisema, na mzee akaondoka amefurahi.

Siku ya saba Tetsu alifika mapema. Sawae akammiminia chai, akaiweka mezani kushoto kwake. Tetsu alikuwa anasimulia habari za mshona mikeka na mkewe, anacheka, na huku anacheka akanyoosha mkono achukue kikombe. Mkono ukafika karibu. Ukapita. Ukarudi, ukapapasa meza tupu, ukapita tena. Hakuutazama, alikuwa bado anasimulia. Vidole vikagonga ukingo, chai ikamwagika.

"Mikono ya bondia," alisema. "Mizuri kwa kupiga tu."

Sawae alichukua kitambaa akafuta. Aliifuta meza ile hata ilipokauka. Miaka thelathini na tatu ilikuwa imekunjika kuwa si kitu: mkono ni uleule, meza ni ileile, na yeye ana miaka saba. Sasa alijua kwamba hawezi. Alijua pia akisema hapana, Tetsu atapiga magoti tena, na akimpigia simu daktari, jina la mdogo wake litatoka magazetini kuwa ni mdanganyifu aliyesalitiwa na nduguye wa damu. Ilibaki njia moja, na ndiyo aliyoijua kuliko watu wote wa Amagasaki.

"Geuka," alisema. "Mstari wa nne."

Tetsu akageuka. Mstari wa nne wa chati ile ni kulia, juu, chini, juu, kushoto. Sawae alinyoosha kidole. Akagusa bega la kushoto. Shingo. Kiuno. Shingo. Bega la kulia.

"Kushoto, juu, chini, juu, kulia," Tetsu akasema.

"Tena."

"Kushoto, juu, chini, juu, kulia. Huu rahisi, dada."

"Ndiyo," alisema. "Huu rahisi."

Siku mbili alizunguka na uongo ule kama mtu aliyemeza mwiba. Aliogopa Tetsu ataipata chati mahali na kuiangalia kwa jicho zima. Aliogopa hataipata. Aliogopa daktari atapitiwa asione kosa, na mdogo wake akaenda kuwekwa mbele ya ile kulia. Na juu ya yote aliogopa macho ya Tetsu, lile zima na lile bovu, siku yatakapomgeukia kumuuliza kwa nini.

Siku ya kupimwa Tetsu alimwomba amsindikize. Kliniki ilikuwa Osaka, ghorofa ya tatu, na chumba cha daktari kilitengwa na korido kwa pazia la kijani tu. Sawae alikaa kwenye benchi na Bwana Mibuchi, aliyefungua gazeti la michezo na kuanza kulisoma kwa kusonya. Ndani swichi ililia, na chini ya pazia mwanga mweupe ukamwagika sakafuni. Chati ya daktari ilikuwa ndani ya sanduku la taa.

Jicho la kulia lilisomwa mpaka chini bila kukwama. Kisha daktari akasema, "La kushoto."

Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Sauti ya Tetsu ilikuwa imara.

"Wa nne," daktari akasema.

Kimya.

Pumzi moja. Sawae alishika ukingo wa benchi. Pumzi ya pili. Gazeti la Bwana Mibuchi likaacha kuchakarisha. Kasahau, Sawae aliwaza, amesahau, au ametambua.

"Kushoto," Tetsu alisema. "Juu. Chini. Juu. Kulia."

"Rudia."

"Kushoto. Juu. Chini. Juu. Kulia." Safari hii kwa sauti kubwa, kama anaapa.

"Mh. Wa tano."

Wa tano aliutaja wote sawa. Wa sita, sawa. Wa saba, sawa tupu, hata daktari alipoanza kurukaruka. Kisha ukasikika mguu wa stuli ukiburuzwa.

"Bondia, umekosa pengo ambalo bibi yangu angeliona, ukapata yale ninayoyakodolea mimi mwenyewe. Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe."

"Kaa hapa. Inua uso. Nakutia dawa machoni."

Bwana Mibuchi alimgeukia Sawae, uso umemsawijika. "Dawa ya nini? Mwalimu, dawa ya nini hiyo?" Sawae alilichukua gazeti mikononi mwake, akalikunja.

Tetsu alitoka baada ya saa nzima, mboni zimepanuka, macho yote meusi tii. Alipita mbele ya dada yake akishika ukuta. Hakumtazama, na hata angetazama asingemwona vizuri.

Hospitali walimpasua wiki ileile. Siku kumi na moja alilala chali, kichwa kimebanwa kati ya mifuko miwili ya mchanga, haruhusiwi kugeuka wala kupiga chafya. Bwana Mibuchi alikuja kila siku, na siku ya kwanza alilia koridoni kwa sauti mpaka wauguzi wakatoka. "Angepofukia mikononi mwangu," alirudia. "Mikononi mwangu mwenyewe, Mwalimu." Jicho lilipona kiasi: si la kusoma gazeti, lakini la kumtambua mtu mlangoni. Mkanda ulirudishwa. Mbele ya waandishi wa habari Tetsu alisema jicho lake limeharibika, akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa wenye tiketi. Jina la dada yake hakulitaja.

Na kwake yeye hakuuliza kitu. Hapo ndipo woga wa pili ulipoanza, na huu ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza. Kila Mwaka Mpya Tetsu alikuja, akala supu yenye keki za mchele, akaongea habari za baridi, akaondoka. Kila alipovuta pumzi kutaka kusema jambo, Sawae aliinuka kwenda kuongeza chai. Ama anajua kwamba nilimdanganya, aliwaza, na amekataa kunipa hata hasira yake. Ama anadhani nilikosea, na siku moja ataikuta chati mahali, ataisoma, ataelewa. Tetsu akaoa, akafungua kibanda cha okonomiyaki karibu na stesheni, akawa mtu wa kukaanga chapati nene za kabichi kwenye bamba la moto na kutaniana na madereva. Dada mtu alikwenda kula pale kila Ijumaa, na kila Ijumaa alikaa karibu na mlango.

Miaka minane ikapita hivyo. Aprili ya mwaka wa nane, binti yake Tetsu, Chinami, akaanza darasa la kwanza shuleni kwa shangazi yake. Ijumaa ya wiki ya macho, Sawae alipoingia kibandani, alimkuta mtoto amesimama juu ya stuli na fimbo ya kulia chakula mkononi. Ukutani alikuwa amebandika karatasi ya miduara aliyoichora mwenyewe, yote mikubwa kama mayai.

"Shangazi, nampima baba. Baba, funika jicho zuri!"

"Ndiyo, Mwalimu." Tetsu alichukua mwiko bapa wa kugeuzia chapati, akafunika jicho la kulia. "Juu. Chini. Huu umeusahau kuukata pengo, mama."

"Haya, mstari wa nne!"

Sawae alikuwa ameshakaa. Akaanza kuinuka, akasema nadhani nimeacha gesi wazi.

"Gesi umefunga, dada," Tetsu alisema. "Kaa."

Akakaa. Tetsu aliuondoa mwiko usoni, akaufuta kwa aproni, akageuza chapati iliyokuwa inaungua upande mmoja. Alimtuma Chinami akamwombe mama yake mayai mawili. Mtoto alipotoka, aliongea huku anatazama bamba.

"Pale kliniki chati ilikuwa na taa."

"Najua."

"Taa kali. Kule kwako shuleni sikuuona mstari wa nne, lakini pale niliuona. Wa kwanza ulikuwa wazi kulia. Wa mwisho kushoto. Niliuona kama ninavyokuona wewe sasa hivi."

Sawae alishika meza kwa mikono miwili. Miaka minane yote alikuwa amejiandaa kwa swali, na sasa lilikuja jibu kabla ya swali, naye hakujua aliweke wapi.

"Uliuona," alisema. "Na mara ya pili alipokwambia urudie?"

"Na mara ya pili."

"Mbona ulisema nilivyokufundisha?"

Tetsu alipaka mchuzi juu ya chapati, akaikata vipande vinne, akamsogezea dada yake sahani mpaka mbele ya vidole vyake.

"Ningemwambia nani, dada? Mwenyekiti? Muuza samaki na bendera yake? Bingwa anamwambia nani kwamba anaogopa?" Machozi yalikuwa yamemjaa. "Zile siku tisa sikulala hata moja. Watu walidhani namuwaza Mthai. Nilikuwa naogopa utanifundisha sawasawa."